Gari Linalomisi Asubuhi

Gungu, Kigoma
Jumapili, tarehe 6 Julai, jioni

Siwema mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda Ujiji kumuaga shangazi yako, na namjua, hatakuachia mapema. Atakupikia, kisha atalia, kisha atakumbuka kitu cha kukupa ubebe. Kwa hiyo nimepata nafasi. Nimekaa hapa mlangoni, mahali pa mama yako, naandikia juu ya goti. Uvumilie mwandiko, na darasa la saba langu unalijua.

Sitakuandikia habari ya kutunza nauli, wala ya watu wa stendi, wala ya kufunga mlango kwa ndani. Hayo umeyasikia kwangu mpaka umeyachoka, na mengine siku hizi ni wewe unayenikumbusha mimi. Nataka kuandika habari ya gari. Utacheka. Tangu nyasi zianze kukauka hatukuwa na mazungumzo mengine humu ndani, na bado nina maneno ya gari. Lakini yapo mambo yaliyopita kichwani mwangu tulipokuwa tumeinamia ile injini ambayo sikuyasema. Mkono wangu ukishika spana, mdomo hufunga.

Nianze na siku ile mwalimu mkuu wa Sumbawanga alipokupigia simu. Alikuwa mtu mwema. Nafasi yako ya kufundisha watoto wa chekechea aliishikilia tangu msiba wa mama yako, lakini akasema hawezi tena. Shule ikifunguliwa nawe hujafika, atampa mwingine. Ulikuja ukanieleza yote hayo umesimama. Halafu ukaligeukia gari, lile pikapu letu limeegemea ukuta wa choo kama mlevi, ukasema, "Baba, gari likiendelea kumisi hivi, mimi siendi. Siwezi kukuacha umekaa."

Hukusema kwa hasira. Ulisema kama mtu anayesema leo kuna upepo. Nami nilijibu kwamba tutaona. Ila ndani yangu, mwanangu, kitu kilifurahi. Nilikiona kikifurahi na nikakiogopa.

Unakumbuka hali yenyewe. Nikiliwasha asubuhi linatetemeka kama mtu mwenye homa, moto unaruka silinda moja, ndiko kumisi kwenyewe, ekzosi inapiga paa, na kuku wa jirani yetu Balthazar wanapanda ukuta. Balthazar naye hutokeza kichwa hapo juu, na mkono wenye grisi ya baiskeli, kunisalimia kwa amahoro yake ya Kirundi aliyorithi kwa wazazi. "Amahoro, Baba Siwema. Mgonjwa ameamkaje?" Nilikuwa namjibu kwamba mgonjwa amelala vibaya. Kupanda kilima na mzigo haikuwezekana. Watu wa Simbo walionizoea nipakie mawese yao wakaanza kutafuta magari mengine, na mimi nikaanza kukaa. Ukikaa siku nyingi unagundua kwamba kukaa nako kuna utamu wake. Ndicho ulichokiona usoni kwangu, nadhani, na ndicho kilichokutisha.

Kosa langu la kwanza unalijua maana ulilishuhudia. Niliona gari linamisi, nikanunua plagi zote mpya, waya zote, na kifuniko cha distributa, nikavifunga vyote jioni moja. Likatulia. Nikaringa. Nikamwita Balthazar aje asikilize. Baada ya safari moja ya Ilagala na kurudi likaanza upya, tena vibaya zaidi, na mimi nimesimama mbele yake sina hata pa kuanzia. Wewe ukaniuliza swali la mwalimu wa watoto wadogo: "Sasa Baba, tukibadilisha vyote mara moja, tutajuaje kipi kilikuwa kibovu?"

Nilikasirika kidogo. Nilikuwa nalijua hilo kabla hujazaliwa. Nilipokwenda kunawa ndipo nikaona kwamba ndivyo nilivyofanya na nyumba pia. Mama yako alipozikwa, wageni walipoondoka, niligeuza kitanda kikatazama upande mwingine. Nguo zake nikazigawa zote kwa mpigo. Viti nikavihamisha, redio nikampa kaka yake, chai ya asubuhi nikaacha kunywa kwa sababu yeye ndiye aliyeipika. Nilidhani kimoja kati ya hivyo ndicho kinachouma, basi nikiviondoa vyote maumivu yatakosa pa kukaa. Hayakukosa. Na leo siwezi kujua ni kipi kilikuwa kinaniuma na kipi kilikuwa kinanisaidia. Chai, kwa mfano, nadhani ilikuwa inanisaidia.

Basi tukaanza upya, kwa njia yako. Ulishika kalamu ya chaki ukaandika namba juu ya kila waya, moja mpaka nne, kwa mwandiko ule wa ubaoni. Injini ikiwa inaunguruma, mimi nikawa nachomoa waya mmoja mmoja wa plagi kwa kitambaa kikavu, naisikiliza injini, naurudisha. Nikichomoa wa kwanza, injini inashtuka na kudhoofika. Wa pili, haikusikia kitu. Wa tatu ikashtuka, wa nne ikashtuka. Ukasema, "Huyo wa pili hakuwepo darasani." Tulicheka mpaka nikarushwa na umeme, ukacheka zaidi.

Tulizima, tukasubiri ipoe, tukahamisha plagi ya pili kwenda ya tatu na ya tatu kwenda ya pili, hicho tu, hatukugusa kingine. Ugonjwa ukahama na plagi. Nikakuonyesha ile plagi, nyeusi, ina utando kama wa sufuria ya kukaangia. Nikaisafisha kwa brashi na petroli, gari likapona. Nilikwambia tumemaliza. Kesho yake asubuhi namba nne ndiyo haikuwepo darasani.

Hapo ndipo wengi huita gari shetani. Ugonjwa unaotembea, leo chumba hiki cha silinda kesho kile, haukai ndani ya chumba. Unaletwa na kitu kinachoingia vyumba vyote. Hilo nalo nililijua. Lakini kujua kitu na kutaka kukifuata ni mambo mawili, na mimi sikutaka kukifuata. Shule inakaribia kufunguliwa, gari bovu, na wewe uko jikoni unaimba. Nikaona tuache.

Ulikuwa unapika maharage ile asubuhi. Nilikuwa hapa hapa nilipokaa sasa. Ulichukua chupa ya mawese ukaigeuza juu ya sufuria, hayakutoka, yameganda kama kila asubuhi ya kiangazi. Ukaiweka dirishani ipate jua, mahali pale pale alipokuwa anaiweka mama yako, penye alama ya duara ya mafuta kwenye mbao. Halafu ukasimama unaitazama chupa kwa muda mrefu, mpaka nikadhani umemkumbuka. Nawe ukaja mlangoni na mwiko mkononi.

"Baba," ukasema, "gari letu linamisi asubuhi. Mchana linatulia."

"Ego," nikakujibu ndiyo kwa Kiha, kama ningemjibu mama yako.

"Mawese nayo."

Siwema, nilikuelewa hapo hapo. Nilielewa hata kabla hujamaliza. Na nataka ujue kilichotokea katika ule muda ambao nilikaa kimya na wewe ukadhani nafikiri. Sikuwa nafikiri. Nilikuwa natazama njia mbili. Ningeweza kusema, "Mambo ya gari si mambo ya jikoni, rudi kwenye maharage yako." Ungeniamini. Tangu utoto umeniamini kwenye injini. Asubuhi zingepita, shule ingefunguliwa, mwingine angepewa nafasi, na mimi ningekuwa na mtu wa kuimba humu ndani. Hakuna ambaye angejua. Wewe mwenyewe ungesema ni bahati mbaya.

Maharage yalianza kunuka, yanashika chini. Ukarudi jikoni mbio. Ndipo nikanyanyuka nikaenda kuleta spana namba kumi.

Mengine tuliyafanya pamoja. Tulisukuma gari likae mbali na jiko, tukafungua kabureta juu ya gunia safi, na chini ya kile kibakuli chake tukakuta utando wa rangi ya chungwa, laini, kama uliobaki kwenye sahani ya mtu aliyeshiba. Ukanusa ukasema, "Inanuka mchuzi." Tundu dogo la kupitishia petroli lilikuwa limeziba nusu. Asubuhi utando ukiganda linaziba zaidi. Jua likipanda na injini ikipata moto unalainika, unapita, unakwenda kuchafulia plagi moja au nyingine. Ilikuwa hivyo tu. Petroli yetu ilikuwa na mawese ndani.

Humu ndani madumu ya njano yako mengi na yote yanafanana. Mama yako alizaliwa katika nyumba ya kukamua mawese, na mawese ndiyo kazi iliyotukutanisha, yeye akiuza na mimi nikipakia. Dumu moja tu lilikuwa la petroli, la akiba ya safari za mbali, na lile alilifunga kitambaa cha kanga kwenye mpini. Hata hivyo hakuwa anakiamini kitambaa. Alinusa. Kila dumu, kabla ya kumimina, aliinamisha uso na kunusa, akanipa mimi nami ninuse, kama mtu anayeonja chumvi na kumpa mwenzake. Nilikuwa namtania kwamba angezaliwa mbwa wa polisi. Alipotutoka sikunusa tena, na mawese yakaingia dumu la petroli. Sikuwahi kufikiri kwamba ile ilikuwa kazi. Nilidhani ni tabia yake tu.

Uliniuliza kitambaa kiko wapi. Uliuliza polepole, ukiwa unafuta mikono, hukunitazama. Nikakitoa mfukoni mwa shati nikakuonyesha. Nilikuwa nimekikata upande wa nyuma ili fundo lisifunguke, maana lile fundo limefungwa na vidole vyake, na kwenye nyumba hii nilikuwa nimekwisha kufungua kila kitu alichokifunga. Ulikishika, ukaligeuza fundo, ukalinusa, hata wewe! Ukasema kinanuka petroli, ukanirudishia, ukanifunga kifungo cha mfuko kama mtoto wa shule.

Nilijua wakati ule kwamba nimepewa ruhusa ya kubaki nacho. Ulikwenda ndani ukachana ncha ya kanga yako mwenyewe, ile ya bluu, ukaifunga kwenye dumu jipya la petroli, na la zamani lililoingia mawese ukalitia alama ya makaa pande zote. Nilikuwa natazama. Fundo lako ni baya, mwanangu. Umefunga kama unafunga mbuzi. Lakini halitafunguka.

Tulimwaga petroli yote ya tangi, tukalisuuza, tukabadilisha chujio, tukasafisha kabureta, Balthazar akaleta pampu yake ya baiskeli tukapuliza lile tundu mpaka mwanga ukaonekana upande wa pili. Alifurahi sana alipoambiwa sababu. "Baba Siwema," akasema, "umelipikia gari pilau." Kesho ukishaondoka atakuwa amewaambia watu wote wa Gungu. Mwache. Nitapata wa kunitania, na ninamhitaji.

Ilibaki kujua asubuhi itakuwaje. Mchana lilikuwa linatulia hata lilipokuwa gonjwa, kwa hiyo mchana haukuwa ushahidi. Leo alfajiri umeniona nimetoka kabla yako. Kulikuwa na baridi kweli, vioo vyote vina ukungu, na chupa ya mawese jikoni imeganda mpaka shingoni. Niliigeuza kwanza kuhakikisha. Nikaingia ndani ya gari. Nitakwambia ukweli kwamba mkono wangu ulichelewa kwenye ufunguo. Kisha nikagonga dashibodi kwa kiganja, kama alivyokuwa akigonga mama yako akilihimiza liende, nikaliwasha.

Lilinguruma sawasawa, vyumba vyote vinne. Kuku hawakuruka. Nilipogeuka ulikuwa umesimama mlangoni umejifunga shuka, na ulikuwa hucheki. Tulitazamana mimi na wewe kupitia kioo kile chenye ukungu, na nikaona kwamba hata wewe ulikuwa umetumaini kidogo kwamba litamisi. Usikatae. Nilikuona. Halafu ukarudi ndani nikasikia unavuta begi kutoka chini ya kitanda.

Sasa sikiliza, hapa ndipo nilipotaka kufika, na jua linaniishia. Usiende Sumbawanga na wasiwasi kwamba umeniacha nimekaa. Jumanne napakia Simbo. Nimekwisha kuwapigia simu. Nitanusa kila dumu. Chai nimeanza tena kunywa, umeona, ingawa yangu ni maji matupu ukilinganisha na yake. Nyumba itabadilika mlio, hilo siwezi kukudanganya. Ukichomoa waya wa silinda nzima injini lazima ishtuke. Nitashtuka siku kadhaa. Ukipiga simu ukanisikia nimeshtuka, usipande basi kurudi. Zungumza nami habari za watoto wako wa chekechea, nani analia, nani anakula chaki.

Na wewe huko ukiona mambo yanagoma, maana yatagoma, usifanye nilivyofanya mimi baba yako. Usihame chumba, ukagombana na rafiki, ukakata nywele na kuacha kazi, vyote katika wiki moja kwa sababu moyo unauma. Gusa kimoja, kisha usikilize. Mimi nilichelewa kulijua hili, na hata sasa nalijua zaidi kwenye gari kuliko kwangu mwenyewe. Nina hofu nyingi juu yako ambazo sitaziandika. Nyingine ni za mzee aliyefiwa tu, hazina maana. Zile zenye maana utazijua zikifika, na utakuwa na akili kuliko mimi.

Kesho nitaamka kabla yako tena. Sitakuita. Nitaliwasha gari, na ukisikia linanguruma bila kukata, ujue hilo ndilo neno langu la kukuruhusu, kwa sababu kwa mdomo nitashindwa. Utoke na begi lako tuondoke. Barua hii nitaitia mfuko wa pembeni wa begi lako, na juu ya bahasha nitaandika usome ukishapita Mpanda, si kabla. Ukiisoma hapa tutabaki wote wawili.

Nimeona umefunga chupa moja ya mawese katikati ya nguo. Umefanya vizuri kuifunga ndani ya mfuko wa nailoni, nimeikaza kifuniko. Sumbawanga kuna baridi kuliko hapa, wanasema kiangazi watu wanavaa makoti mpaka saa nne. Yataganda kweli kweli. Usiyaweke motoni kwa haraka, chupa itapasuka. Yaweke dirishani upande wa jua, uyasubiri yalainike yenyewe. Hakuna cha kufanya wakati huo isipokuwa kusimama na kuitazama chupa.

Wakati umesimama hapo, nikumbuke.

Baba yako